Mbwa Anayekojoa Akisalimiwa

Jioni za msimu wa mavuno, watu wa Mbingu, katika Bonde la Kilombero, hurudi kutoka mashamba ya mpunga bondeni wakiwa hoi, jembe begani au gunia nyuma ya baiskeli. Katika nyumba nyingi anayetangulia kuwapokea ni mbwa. Wapo wanaokuja mbio mkia juu. Lakini yupo na yule mwingine, anayetoka uvunguni mwa kichanja akitambaa, masikio kayalaza, mkia kaufyata, anajilamba midomo bila kuwa na chakula. Mwenye nyumba akimwita jina lake kwa sauti, mbwa hulala chali na mkojo unamtoka hapohapo, mara nyingine juu ya turubai lenye mpunga ulioanikwa. Ndipo fimbo inapotafutwa.

Kesho yake mambo yanakuwa mabaya zaidi. Mbwa anakojoa hata kabla hajaitwa. Baada ya wiki chache anakojoa akisikia tu mlio wa baiskeli, na mwenyewe anaamini kabisa kwamba mnyama huyu ni mkaidi, anafanya makusudi, pengine ana kisirani. Wengine hufikia hatua ya kumfukuza au kumtupa mbali, kando ya njia ya kwenda Mngeta, akawe mbwa koko wa watu wengine.

Hakuna ukaidi hapo. Tabia hiyo inajulikana vizuri kwa wanaochunguza wanyama, ina chanzo chake na ina dawa yake, na dawa hiyo haigharimu zaidi ya dagaa wachache na subira ya miezi kadhaa. Inasikitisha kwamba mbwa wengi hupigwa kwa kosa ambalo kwao si kosa bali ni adabu.

Mbwa hana shikamoo, lakini ana mwili. Akikutana na anayemwona mkubwa kwake, huushusha mwili huo, huinamisha kichwa, hukwepa macho, hufyata mkia. Akizidi kuhofu, hulala na kuonyesha tumbo. Na hofu ikivuka hapo, kibofu nacho huachia. Huo ni mwisho wa ngazi, neno la mwisho alilonalo mbwa la kusema: mimi ni mdogo, sina ubishi nawe, usinidhuru.

Aliyelieleza jambo hili kwa makini ni Rudolf Schenkel, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Basel, Uswisi. Mwaka 1947 alichapisha uchunguzi wake juu ya mbwamwitu wa kijivu, wale wa nchi za baridi ambao ni jamaa wa karibu wa mbwa wetu, waliokuwa wakitunzwa katika bustani ya wanyama ya mji huo. Mwaka 1967 alirudia mada hiyo na kutenganisha unyenyekevu wa namna mbili. Upo wa kuchangamka, ambapo mnyama hujisogeza chinichini, hutikisa mkia ulioshuka na kumlamba mkubwa wake mdomoni kama anavyofanya mtoto anayeomba chakula. Na upo wa kulala, ambapo hugeuka ubavu au chali na kutulia. Huu wa pili Schenkel aliuona umetoka mbali, kwenye siku za kwanza za maisha. Mtoto wa mbwa katika majuma yake ya mwanzo hawezi kukojoa mwenyewe. Mama humgeuza, humlamba tumboni, na mkojo hutoka. Mbwa mzima aliyelala chali mbele ya bwana wake na kujikojolea anarudia kitendo kilekile cha utoto. Anajifanya mtoto kwa sababu watoto hawaumizwi.

Basel, kwa watu wa Bonde la Kilombero, si mji wa kusikika tu. Rudolf Geigy, aliyeanzisha katika miaka ya 1950 maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, alitoka hukohuko. Na Schenkel naye alifika Afrika Mashariki, akawachunguza vifaru weusi wa Tsavo pamoja na mkewe. Mtu aliyetumia miaka yake kuwatazama vifaru na mbwamwitu alijua kwamba mnyama hafanyi jambo bure.

Tukilielewa hilo, tunaona kwa nini fimbo haifui dafu. Mbwa kasema kwa lugha yake yote kwamba ananyenyekea. Jibu alilopewa ni kipigo. Yeye hawezi kufikiri kwamba kapigwa kwa sababu ya mpunga uliolowa, maana hajui mpunga ni mali na mkojo ni uchafu. Anachojua ni kwamba kanyenyekea na bado kaumizwa, kwa hiyo kumbe hajanyenyekea vya kutosha. Safari ijayo atanyenyekea zaidi, na kunyenyekea zaidi kwake ni kukojoa mapema zaidi na mwingi zaidi. Vivyo hivyo kumkaripia, kumsugua pua kwenye mkojo, au kumtazama kwa macho ya ukali huku umemsimamia. Kila kimoja kati ya hivyo kinamwongezea ile hofu iliyomkojoza.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Porto, Ureno, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia mbwa 92 waliokuwa wakifunzwa katika shule mbalimbali, baadhi kwa zawadi na baadhi kwa adhabu. Walipima kotisoli, homoni ya msongo, katika mate yao, na wakawaangalia walivyokaa na kutembea wakati wa mafunzo. Mbwa wa shule zilizotegemea adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, walijilamba midomo na kupiga miayo, na kotisoli yao ilipanda baada ya mafunzo. Mfugaji wa Mbingu hahitaji maabara kuyaona hayo. Amtazame tu mbwa wake anapoinua mkono kuvunja kijiti cha kuni.

Na hapa lazima niseme wazi juu ya namna tunavyowalea mbwa wetu. Mbwa wa bondeni ana kazi. Analinda nyumba usiku, anafukuza nguruwe pori na nyani shambani, anasaidia kusaka ndezi. Kwa hiyo anatakiwa awe mkali, na watu wana njia zao za kumtafutia ukali huo: wapo wanaomlisha pilipili, wanaomfunga mnyororo mchana kutwa asizoee watu, wanaomkata masikio akiwa mdogo. Pilipili humuunguza tumbo na haimfundishi kitu. Mnyororo humfanya aogope kila asichoweza kukikimbia. Kuhusu masikio, madhara yake ni makubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa masikio ni nusu ya usemi wa mbwa. Akiyalaza, mtu mwenye macho anajua mapema kwamba mnyama huyu ana hofu na anampa nafasi. Akishakatwa, hofu yake haionekani mpaka imefika kwenye mkojo au kwenye meno.

Tatizo hasa huanza mapema, akiwa bado kilebu. Mwaka 1961 watafiti wa maabara ya Bar Harbor, katika jimbo la Maine nchini Marekani, walieleza jinsi walivyowalea watoto wa mbwa ndani ya uwanja wenye uzio bila kuguswa na watu, kisha wakawatoa kwa zamu wakiwa na umri tofauti ili wazoeane na binadamu. Waliotolewa wakiwa na wiki chache walizoea haraka. Wale ambao hawakumjua mtu mpaka wiki ya 14 walibaki kama wanyama wa porini. Tangu hapo imekubalika kwamba kipindi cha kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi ndipo mtoto wa mbwa anapojifunza nani ni rafiki na kipi si cha kutisha.

Sasa fikiria mbwa jike aliyezaa Februari kwenye kibanda cha shamba, chini kabisa bondeni, familia nzima ikiwa na kazi ya kupalilia. Watoto wake wanaona watu wawili watatu tu, tena wenye haraka. Mvua za masika zinapopungua na mpunga unapovunwa, wanabebwa kwenye kikapu hadi kijijini, wakiwa tayari wana miezi minne. Huko wanakutana kwa mara ya kwanza na pikipiki, redio, watoto wa shule wanaopita kwa makundi, mashine ya kukoboa, honi ya treni ya TAZARA. Kipindi kimewapita. Hao ndio wengi wanaokuja kuwa mbwa wa kutambaa na kujikojolea, na hawakuchagua kuwa hivyo.

Mwenye watoto wa mbwa leo afanye hivi: awashike kila siku, mmoja mmoja, kwa upole, kuanzia wanapofumbua macho na kuanza kutembea. Awaalike watoto wa jirani wakae chini nao. Bibi awashike, mgeni awashike, mwenye kofia na mwenye kanga. Dakika chache kwa siku zinatosha, na faida yake itakaa miaka yote ya mbwa huyo.

Kabla ya kuanza tiba yoyote, lakini, hakikisha unalotibu ni woga. Mbwa wa woga hukojoa pale mtu anapomkaribia, anapomsalimia, anapomwinamia au anapopaza sauti, na mwili wake wote huwa umeshuka. Akiwa peke yake, au amelala, hakojoi ovyo. Yule anayekojoa usingizini na kuamka kalowa, au anayekwenda kila mara akitoa matone, au mkojo wake una damu, au kaanza ghafla kunywa maji mengi kuliko kawaida, huyo huenda ana maradhi ya kibofu, ya figo au ya kisukari na anahitaji daktari wa mifugo. Dume linaloinua mguu kwenye kila nguzo linaweka alama ya mipaka yake. Jike lililo kwenye joto nalo hutoa mkojo mara kwa mara. Na wapo vilebu wanaokojoa kwa furaha tu, mkia juu wakirukaruka. Hao hukua na kuacha, mradi salamu zao zipunguzwe vishindo. Hata wale wa woga, wengi hupona wenyewe wakikaribia mwaka mmoja, kama hakuna mtu aliyeuzidisha woga wao kwa kipigo.

Mkojo wenyewe usafishwe kwa tahadhari. Mwaka 2022 Watanzania tulijifunza jina la homa ya mgunda, pale ugonjwa ulipozuka Ruangwa mkoani Lindi. Hadi mwishoni mwa Julai wagonjwa 20 walikuwa wametambuliwa na watatu kati yao walikuwa wamefariki. Ni ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa wanyama walioambukizwa, panya hasa, lakini pia mbwa, ng'ombe na nguruwe, na vimelea vyake hudumu kwenye maji na udongo wenye unyevu, jambo ambalo bonde letu halikosi. Mbwa kukojoa kwa woga si dalili kwamba anao. Ila usishike mkojo kwa mikono mitupu, hasa mkono wenye kidonda. Mimina maji na sabuni, funika kiganja kwa mfuko wa plastiki, anika kitu juani, kisha nawa. Mpunga uliolowa utengwe, usichanganywe na mwingine. Na yote hayo yafanyike kimya, bila kumwangalia mbwa, kana kwamba hakuna lililotokea.

Nikija kwenye tiba, sehemu kubwa ni salamu. Tumezoea kumsalimia mbwa kibinadamu: tunakwenda moja kwa moja kwake, tunamtazama usoni, tunamwinamia na kumpiga viganja vya kichwani. Kwa mbwa mwoga hizo ni ishara tatu za kutishwa kwa mkupuo mmoja. Badilisha. Ukifika nyumbani, pita naye mbali kidogo bila kumwita wala kumkodolea macho. Weka jembe, nawa miguu, keti. Mwache akufuate kwa muda wake. Atakapokuja, na atakuja, uwe umekaa au umechuchumaa ukimpa ubavu na si kifua, mkono umeuteremsha chini kiganja kikiwa wazi. Akishanusa, mkune kifuani au chini ya kidevu. Usimpitishie mkono juu ya kichwa, usimkumbatie. Ukimwona anaanza kuinama na kulaza masikio, acha hapohapo, geuza uso, ondoka taratibu. Kuondoka kwako kunamwambia kwamba ujumbe wake umefika mapema, na hana haja ya kufikia kwenye mkojo.

Dagaa wanasaidia kuliko maneno. Weka wachache mfukoni au kwenye kikopo karibu na mlango. Unapoingia uani, warushe chini mbele yake, mbali na miguu yako, kisha endelea na safari yako. Mbwa anayetafuta chakula ardhini ana pua yake, ana shughuli, na mwili wake hukaa mkao mwingine kabisa: miguu imesimama, mkia umelegea, macho hayako kwako. Ukirudia hivyo jioni baada ya jioni, kufika kwako kunaanza kumaanisha dagaa badala ya hatari. Ukoko wa wali unafaa vilevile, na vichwa vya perege vilivyochemshwa hata zaidi, mradi miiba mikubwa imetolewa. Kama una nafasi, mtoe kwanza akakojoe kichakani kabla watu hawajaanza kurudi. Kibofu kitupu hakina cha kumwaga.

Watu wengi huuliza kama kumbembeleza kunasaidia. Kumbembeleza kwa sauti nyororo nyingi, ukiwa umemwinamia na kumshika kwa mikono miwili, kwa mbwa wa aina hii bado ni kumzidishia uzito. Upole unaomfaa ni wa utulivu na nafasi. Sauti ya kawaida, ya chini, maneno machache yaleyale kila siku.

Kisha mpe kazi ndogo anazoziweza. Mwite jina lake ukiwa mbali, akija mtupie kitu na umwache aende. Mfundishe kukaa kwa kushika dagaa mbele ya pua yake na kumwinua dagaa huyo polepole mpaka makalio yaguse chini, bila kumsukuma mgongo. Mbwa anayejua kwamba akifanya jambo fulani hupata jambo fulani, anaanza kuamini kwamba dunia ina mpangilio, na hofu hupungua yenyewe. Mlo uwe saa zilezile. Mahali pa kulala pawe pake, pasipopitwa na watu, kwenye kivuli. Kama ni lazima afungwe, kamba iwe ndefu na muda uwe mfupi.

Wanaodhani njia hii ya zawadi ni ya Wazungu na mbwa wao wa ndani ya nyumba, watazame Morogoro mjini. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa tangu mwaka 2000 likiwafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye vimelea vya kifua kikuu. Panya hao huanza kushikwa na kubebwa na watu wakiwa wadogo wa majuma machache, wakazoeshwa sauti, harufu na magari. Kisha hufunzwa kwa kidude kinacholia "tik" na kipande cha ndizi. Kila wanapopatia, mlio na ndizi. Hakuna fimbo. Magawa, panya aliyetoka katika mafunzo hayo, aligundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine, jumla zaidi ya 100, nchini Kambodia, na Septemba 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA, panya wa kwanza kuipata. Walimu wa panya hawa ni Watanzania, wanafanya kazi ndani ya mkoa huuhuu wa kwetu. Ikiwa subira na ndizi zimemtoa panya wa vichakani mpaka akawa mtumishi wa kutegemewa kuliko mashine, sioni kwa nini mbwa aliyekaa na binadamu maelfu ya miaka ashindikane.

Tatizo lililobaki ni watu wengine. Unaweza kumtuliza mbwa wako vizuri, halafu akaja mjomba kutoka Mlimba mwenye sauti ya radi, akamwinamia na kumpiga kofi la upendo mgongoni, na kazi ya wiki ikaharibika kwa dakika. Mgeni aelezwe akiwa bado mlangoni, kwa heshima: "Shikamoo mjomba, karibu. Huyu mbwa wetu mwoga, tunaomba umpite tu kama humuoni." Wengi hufurahi kupewa maelekezo hayo. Pale ambapo mgeni ni Mwislamu aendaye kuswali, kuna sababu ya ziada ya kumweka mbwa uani nyuma mapema, kwa kuwa mkojo wake ni najisi na kumlazimisha mtu kubadili kanzu njiani ni kumkosea. Si adhabu kwa mbwa. Mpe mfupa wake huko nyuma, atafurahi kuwa mbali na makelele.

Watoto ndio wa kufundishwa zaidi. Mtoto humpenda mbwa kwa kumrukia, kumkumbatia shingoni na kumtazama machoni kwa karibu. Mbwa mwoga hulala na kukojoa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mara ya nne, akiwa amebanwa kwenye kona, anaweza kuuma, na watu watasema aliuma bila sababu. Alitoa sababu mara tatu. Mwambie mtoto: mbwa akijilamba midomo, akigeuza uso, akilala chini, mwache. Na mwambie kwamba mbwa akila, akilala au akiwa na watoto wake haguswi kabisa.

Swali jingine ninalolisikia ni kama mbwa mwoga anaweza kulinda. Anaweza. Kazi ya mlinzi wa usiku katika nyumba nyingi ni kubweka mapema ili watu waamke, na mbwa mwenye wasiwasi husikia hatua ya mtu kabla ya wengine. Ukali wa kuuma ndio usiotakiwa, maana mbwa mkali hachagui kati ya mwizi na mtoto aliyekuja kuchota maji.

Kuuma ndiko kunakonifanya niombe jambo hili lisichukuliwe kama anasa ya wapenda mbwa. Bonde hili linakijua kichaa cha mbwa. Duniani ugonjwa huo unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na wengi wakiwa watoto. Karibu wote wameumwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, hakuna tiba. Kinga ipo, na iliyo rahisi zaidi ni kuchanja mbwa: wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kuanzia mwaka 2010 wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania, zikiwemo za mkoa wa Morogoro, zilikuwa kwenye mradi mkubwa wa kuchanja mbwa, na wataalamu wa Ifakara wameendelea kuufuatilia ugonjwa huu kijiji kwa kijiji. Pemba, ambako chanjo ilifanywa kwa bidii, iliweza kuufuta ugonjwa, ukarudi, na ukafutwa tena.

Hivyo basi, mbwa asiyeshikika ni mbwa asiyechanjika. Siku ya chanjo utawaona watoto wakiwaburuza mbwa kwa kamba kwenda ofisi ya kijiji au uwanja wa shule. Mbwa aliyezoea kushikwa kwa upole husimama, sindano ikapita, akarudi nyumbani. Mbwa aliyelelewa kwa fimbo hujikojolea akiona tu kundi la watu, hujinyonga na kamba, huuma aliyemshika, hukatika na kukimbilia kwenye mpunga. Afisa mifugo hawezi kumkimbiza. Jina lake halimo kwenye daftari, na mwaka mzima unaofuata nyumba ile ina mbwa asiye na kinga.

Kichaa chenyewe kisichanganywe na woga. Mbwa mwoga amekuwa hivyo tangu utotoni, na hutulia watu wakimwacha. Mwenye kichaa hubadilika ghafla: aliyekuwa mpole anashambulia, aliyekuwa akikimbia watu anawasogelea bila hofu, mate yanamchuruzika, taya linalegea, anashindwa kumeza, anatangatanga. Huyo usimguse, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na afisa mifugo mara moja. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile kupata chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama Namba 19 ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na kumpiga mbwa mpaka anajikojolea ni mateso. Sipendi sana kuitaja sheria kwenye jambo la nyumbani, lakini ipo, na watu wajue ipo.

Kwa walio na mbwa wa aina hii sasa hivi, matayarisho ya siku ya chanjo yanaweza kuanza leo jioni. Mzoeshe kamba kwanza ndani ya ua, ukiivuta bila nguvu, na kila akipiga hatua mbili mpe dagaa. Mshike begani na kwenye ngozi ya shingo kwa sekunde moja, mpe dagaa, mwache. Siku nyingine sekunde tatu. Mpeleke mpaka karibu na ofisi ya kijiji wakati hakuna watu, anuse, arudi. Siku yenyewe mtoe akakojoe, mpeleke mapema kabla foleni haijajaa au subiri mpaka wengine waondoke, na mshike wewe mwenyewe, si mtoto. Mwambie anayechoma sindano kwamba mbwa huyu ni mwoga, amfikie kwa ubavu na asimsimamie. Akikojoa hata hivyo, mwache akojoe. Sindano ikishaingia, chukua cheti, kiweke pamoja na kadi za kliniki za watoto, na mrudi nyumbani kwa njia isiyo na mbwa wengi.